Jembe Lililopanda Ngao ya Taifa

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na makala haya, tafadhali inuka kitini ufungue bahasha au sanduku ambamo karatasi muhimu za nyumba yako hutunzwa. Toa cheti cha kuzaliwa cha mwanao, au cheti cha shule, au barua yoyote iliyotoka serikalini. Juu yake utaiona ile nembo ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Bibi na Bwana. Sasa mwite mtoto, uifunike nembo kwa kiganja chako, kisha umwulize: katika ile sehemu nyekundu ya ngao, ni vitu gani viwili vimepishana?

Nachelea kwamba atataja pembe za ndovu. Huenda akautaja mwenge. Lakini sehemu nyekundu, ndugu msomaji, ina jembe na shoka, na mtoto aliyekulia Manzese au Igoma hana sababu kubwa ya kuvikumbuka. Jembe ameliona dukani likiwa limefungwa kwa waya pamoja na wenzake, au ameliona mikononi mwa kibarua anayezibua mtaro wakati wa mvua. Wala tusimcheke. Baba yake naye, akiulizwa ghafula mbele ya wageni, anaweza kuomba muda wa kufikiri.

Basi tuitazame ngao yenyewe polepole. Sehemu ya juu ni ya rangi ya dhahabu, na ndani yake unawaka mwenge. Inafuata bendera ya Jamhuri ya Muungano. Chini ya bendera ni ile sehemu nyekundu, rangi ya udongo wenye rutuba, yenye jembe na shoka; na chini kabisa ni mawimbi, alama ya bahari, maziwa na mito yetu. Mkuki umesimama wima. Ngao yote imewekwa juu ya mlima Kilimanjaro, nao mwanamume na mwanamke wamesimama kila mmoja upande wake wakishika pembe za ndovu, miguuni pao pakiwa na mkarafuu na mpamba. Utepe ulio chini una maneno Uhuru na Umoja.

Ni nani aliyeuchora mchoro huo? Hapo pana ubishi ambao haujatulia. Mzee Francis Kanyasu, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ngosha, alisema hadi mwisho wa uhai wake kwamba mkono wake ndio uliouchora. Alifariki dunia mwaka 2017 baada ya waandishi wa habari kumkuta akiishi katika hali ya dhiki jijini Dar es Salaam. Wapo wengine waliotajwa pia. Mimi sitaamua shauri hilo hapa. Linalonigusa ni kwamba taifa zima lilikuwa likiibeba kazi hiyo mfukoni na ukutani kwa zaidi ya nusu karne kabla halijajiuliza kwa sauti kubwa fundi wake ni nani.

Tazama sasa ngao za majirani. Ya Kenya imeshikwa na simba wawili, na ndani yake yumo jogoo aliyeshika shoka. Ya Uganda imeshikwa na swala na korongo mwenye taji, na ndani yake, pamoja na jua na mawimbi, imo ngoma. Burundi wana kichwa cha simba na mikuki mitatu. Ya kwetu imeshikwa na watu wawili, mume na mke, tena wasio na taji wala kiti cha enzi. Na chombo walichopewa katika sehemu nyekundu ni kile ambacho kila mkulima analala nacho nyumba moja.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, napenda nikuchukue hadi mahali ambapo jembe halihitaji kuelezwa kwa mtoto.

Njia ya kwenda Kaniha

Kaniha ni kata ya wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, katika ile pembe ya kaskazini-magharibi ambako wilaya za Biharamulo na Ngara zinapakana. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi utapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, mpaka Nyakanazi na Lusahunga. Huko malori uliyofuatana nayo tangu pwani huanza kuagana. Yaliyo mengi hushika njia ya Ngara, mengine yakielekea daraja la Rusumo na nchi ya Rwanda, mengine yakielekea Kabanga na nchi ya Burundi. Machache hugeuka kaskazini kufuata Biharamulo mjini. Dereva wa lori anaijua nchi hii kama kituo cha chai na usingizi. Wenyeji wanaijua kama nchi ya mahindi, maharage, mihogo na migomba, na ya watu wa makabila mengi: Wasubi, Wazinza, Washubi, Wahangaza, Waha, na Wasukuma waliofuata malisho na mashamba mapya.

Pale Biharamulo mjini lipo boma lililojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia, baadaye ukaja utawala wa Waingereza, kisha tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ikapandishwa, na mwaka 1964 ikaifuata ya Muungano. Mtu aliyezaliwa hapo mwaka 1910 akafa mwaka 1970 aliishi chini ya bendera zisizopungua nne bila kuhama kijiji. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia kwamba kitambaa fulani ndiyo nchi yake, ana haki ya kukutazama kidogo kabla ya kukuamini.

Jembe lakini alilijua tangu kabla ya bendera ya kwanza.

Nchi ya chuma

Sehemu zote hizi za kusini na magharibi ya Ziwa Viktoria zilikuwa nchi ya chuma tangu zamani sana. Upande wa Buhaya, karibu na ziwa, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya matanuri yenye umri wa miaka ipatayo elfu mbili. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza matokeo ya uchunguzi wao huko, baada ya wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo kuwajengea tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya macho yao. Wataalamu wengine walibishana nao kuhusu namna hewa ilivyopashwa moto ndani ya tanuri. 

Katika nchi za Buzinza na Rusubi, ambazo Biharamulo ya leo imesimama juu ya sehemu yake, kazi hii ilikuwa mikononi mwa mafundi walioitwa Warongo. Usidhani, ndugu msomaji, kwamba ilikuwa kazi ya kuokota jiwe na kuligonga. Mawe ya chuma yalichimbwa, yakabebwa, yakapondwa. Miti ya makaa ilichaguliwa, kwani si kila mti hutoa moto unaofaa. Tanuri lilijengwa kwa udongo, likatobolewa matundu ya kupitishia mabomba ya udongo, na nyuma ya kila bomba akakaa mtu wa kuvukuta mivukuto ya ngozi, saa kwa saa, wakipokezana na kuimba ili mikono isipotezane. Chini ya tanuri zilizikwa dawa. Tanuri lilihesabiwa kuwa ni mwanamke mwenye mimba, na chuma ndiyo mtoto. Kwa hiyo mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, na kazi ikiharibika swali la kwanza lilikuwa ni nani aliyevunja mwiko.

Kilichotoka humo hakikuwa jembe bado. Lilikuwa donge zito lenye takataka nyingi, nalo lilirudishwa motoni na kufuliwa tena na tena kwa nyundo mpaka likakubali kuwa kitu. Jembe lenyewe lilikuwa na umbo la jani pana, na nyuma yake mkia mwembamba uliopenya katika tundu la mpini. Ukiulegeza mpini, jembe lilitoka. Ukiligonga chini, lilikaza. Mpini ulitafutwa na mwenye shamba mwenyewe, kwa kipimo cha kiwiliwili chake.

Majembe hayo yalisafiri. Yalipelekwa Usukuma na Unyamwezi, yakabadilishwa kwa mifugo, nafaka na chumvi. Yalilipa faini. Yaliingia katika mahari, na hapo ndipo maana yake inapozidi ile ya chombo cha kulimia, kwani binti aliyetolewa kwa majembe alikuwa ameunganisha nyumba mbili kwa kitu ambacho nyumba zote mbili zingekula kwacho. Upande wa Karagwe, ambako mfalme Rumanyika alimpokea msafiri John Speke mwaka 1861, vyuma vilifika hadi kwenye ufalme wenyewe: miongoni mwa hazina za watawala wa Bweranyange zilikuwamo nyundo za chuma na sanamu za ng'ombe za chuma, zilizofuliwa kwa ustadi unaomshangaza mtu mpaka leo.

Hakuna aliyewafukuza Warongo kwa bunduki. Walishindwa na bei. Chuma cha kigeni kilipoanza kuja kwa meli na gari moshi, na majembe ya viwanda vya Ulaya yakapangwa madukani, nani angevukuta usiku kucha? Tanuri likazimika, mhunzi akabaki na kazi ya kunoa na kutengeneza vilivyovunjika, akitumia vyuma vya magari mabovu.

Hapa, ndugu mfanyakazi, historia inakurudia wewe. Kama uliishi Dar es Salaam katika miaka ya 1970 utakikumbuka kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China. Majembe yaliyotoka pale yalipakiwa kwenye treni na malori, yakaenda kurudisha deni kwa nchi zile zile ambazo mababu zao walikuwa wakiwauzia wengine. Fundi wa zamu ya usiku pale Ubungo na Mrongo aliyekaa nyuma ya mvukuto hawakujuana, lakini jasho lao lilikwenda kwenye udongo mmoja.

Najua kwamba msomaji wa gazeti hili analifahamu jembe la pili, lile lililopishana na nyundo. Hilo ni la Chama, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977. Tangu nchi iliporudi katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, mwananchi ana hiari ya kulichagua au kuliacha katika sanduku la kura. Ni vizuri tuwafundishe watoto wetu tofauti hiyo mapema. Jembe la Ngao ya Taifa halipigiwi kura. Ni la mwanachama, ni la mpinzani, na ni la yule bibi asiyejali siasa yoyote kuliko mvua.

Ngoma haimo

Sasa nikuulize swali jingine, ambalo nimelichelewesha kwa makusudi. Kwa nini jembe, na si ngoma?

Kwani katika nchi hizi ngoma ndiyo iliyokuwa bendera. Wasomaji mnaotoka Ngara mtakubaliana nami kwamba Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kiasi kwamba mtu wa upande huu huelewana na mtu wa upande ule bila mkalimani. Katika Kirundi, kama ilivyo katika Kinyarwanda, neno ingoma lina maana mbili zisizotengana: ni ngoma, na ni ufalme. Mwenye ngoma ndiye mwenye nchi. Burundi walikuwa na Karyenda, Rwanda walikuwa na Kalinga, na tawala ndogo za upande wetu zilikuwa na ngoma zao, kila moja na walinzi wake, heshima zake na miiko yake. Ngoma ya mtawala haikupigwa kwa kuburudisha watu. Ilipigwa kutangaza kwamba mtawala yupo, na kwamba wewe unayesikia ni wake.

Burundi wameishika ngoma yao mpaka leo kama fahari ya taifa, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma zao za kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Uganda, kama tulivyoona, wameiweka katika ngao. Sisi tulifuata njia nyingine. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria nchini Tanganyika, na ngoma za utawala zikapoteza kazi yake. Zilizobaki ni ngoma za harusi, za mavuno na za gwaride la shule, ambazo ni tamu lakini hazimwambii mtu yeye ni wa nani.

Wapo wanaosikitika, nami siwalaumu, kwa sababu kitu kizuri kikinyamaza masikio huona pengo. Lakini fikiri kidogo, ndugu msomaji. Ngoma ya Rusubi ingemwambia nini Mzinza? Ya Karagwe ingemwambia nini Mhangaza? Kila ngoma inayokusanya watu wake inawaacha nje wa jirani. Jembe halina jirani wa kumwacha nje. Mgogo analo, Mmakonde analo, Mpemba analo, na wote hulishika kwa mikono miwili. Nadhani, na hili ni wazo langu tu, kwamba nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilikuwa na bahati kupata katika kila nyumba yake kitu kimoja kilichokuwa tayari ni cha wote.

Vitu vingine vilivyotuunganisha ilibidi vijengwe. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama wa Kaniha. Kilifika kwa misafara, kwa askari wa boma, kwa shule, kwa redio ya jirani, na mwaka 1967 kikatangazwa kuwa lugha ya shughuli za Serikali. Wimbo wa Taifa nao hatukuutunga peke yetu: sauti yake ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyeitunga mwaka 1897, na sauti hiyo hiyo imo katika wimbo wa taifa wa Zambia na katika ule wa Afrika Kusini yenyewe. Haukupungua kuwa wetu kwa kuimbwa na wengine. Mtoto wa Kaniha anayesimama mstarini asubuhi, miguu ikiwa na umande, anauimba kwa sauti ile ile na mtoto wa Temeke, na wote wawili hukosea mahali pale pale.

Na kuna desturi moja ndogo ambayo haikuandikwa kwenye ngao wala kwenye noti, lakini kwangu mimi inazipita sherehe nyingi. Saa kumi na mbili jioni, mahali penye kituo cha polisi, filimbi hupulizwa na bendera huanza kushuka. Mwenye kikapu husimama. Mwenye baiskeli hushuka. Wanaogombana hunyamaza, kila mmoja akiwa na neno lake la mwisho mdomoni, mpaka filimbi ya pili. Hapo hapana hotuba wala mgeni rasmi. Ukitaka kujua kama mtu amekulia nchi hii, angalia miguu yake filimbi inapolia.

Upande wa pili wa mto

Nimesema mengi ya fahari. Sasa tuingie kwenye magumu.

Mto Kagera, ambao umeupa mkoa jina tangu ule uliokuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipobadilishwa jina baada ya vita vya 1978 na 1979, hautokani na maji yetu peke yetu. Karibu na maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, Ruvubu unaotoka Burundi hukutana na Nyabarongo unaotoka Rwanda. Kwa hiyo hata jina la mkoa ni maji ya majirani. Mpaka umepita katikati ya watu ambao huoana, huazimana ng'ombe na kuzikana.

Mwalimu Nyerere alipozungumza katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959 kuhusu taa ambayo ingewekwa juu ya Kilimanjaro, hakusema kwamba ingewamulikia walio ndani tu. Aliwataja walio nje ya mipaka. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha Mwenge na bendera kileleni, na tangu 1964 Mwenge wa Uhuru umekuwa ukikimbizwa mikoani. Wazee wenzangu wataikumbuka shilingi ya mwaka 1966: upande mmoja uso wa Mwalimu, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Watu wamebishana kuhusu mbio hizo, gharama zake na michango yake, na ubishi huo ni halali. Lakini Ngara na Biharamulo ziliulizwa maana ya Mwenge kwa namna ambayo wilaya nyingine hazikuulizwa.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, ambako mauaji ya kimbari yalikuwa yanaendelea. Humo walikuwamo wanawake, watoto na wazee, na humo humo walikuwamo pia watu ambao mikono yao ilikuwa na damu. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla ya wiki kwisha. Wakulima wa Ngara waliona miti yao ikikatwa kwa kuni, mashamba yakikanyagwa, maji yakigombewa. Waliona pia, kwa karibu kuliko sisi wa mijini, mahali ambapo nchi hufika watu wanapofundishwa kwamba aliyezaliwa kijiji kimoja nao, anayesema lugha moja nao, si mwenzao. Walielewa kila neno la kilio kile, maana kililiwa katika lugha inayofanana na ya kwao. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996; Warundi, waliokimbia machafuko ya nchi yao, waliendelea kuja na kurudi kwa miaka mingi baadaye.

Halafu swali likageuka. Mwaka 2013 Serikali iliwaamuru wahamiaji wasio na vibali waondoke, na Septemba mwaka huo ikaanza operesheni iliyoitwa Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu waliondoka au waliondolewa, na miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kuishi huku kwa miongo kadhaa, wenye mashamba, wake na wajukuu. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Hilo sina ubishi nalo, na ujambazi wa kutumia silaha katika barabara zile ulikuwa umewachosha wananchi. Lakini jaribu kujiweka, wewe msomaji wa Ilala au Kirumba, katika nafasi ya mzee wa mpakani anayeulizwa mbele ya watoto wake athibitishe kwamba yeye ni Mtanzania. Cheti cha kuzaliwa hana, kwa sababu mwaka aliozaliwa hakuna aliyeandika. Lafudhi yake ni ya mpakani. Jina lake lipo pande zote mbili za mto. Atatoa nini? Wimbo wa Taifa anaujua. Filimbi ikilia anasimama. Kiganja chake kina sugu la mpini.

Sugu hilo halimo katika sheria ya uraia, na sisemi liingizwe. Nasema tu kwamba sisi tulio mbali na mpaka tunaichukulia ile nembo kama pambo la juu ya karatasi, hali kule kuna watu ambao karatasi yenye nembo hiyo ndiyo ilikuwa tofauti kati ya kulala nyumbani na kulala njiani. Mtu wa Kaniha akikipata kitambulisho chake cha Taifa hukifunga katika mfuko wa nailoni, mara mbili, na kukiweka mahali ambapo hata mchwa hawatakifikia.

Jembe la leo

Mwaka 2015 Umoja wa Afrika ulianzisha kampeni ya kulipeleka jembe la mkono katika jumba la makumbusho, kwa hoja kwamba linawavunja wanawake migongo na kuwaacha maskini. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilitaka kukasirika kwa niaba ya ngao. Kisha nikakumbuka ni nani hasa anayeinama. Katika mashamba mengi ya nchi yetu ni mama, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Mwanamume wa kwenye ngao amesimama wima. Na mwanamke wa kwenye ngao pia amesimama wima, tena mikono yake imeshika pembe ya ndovu, si mpini. Mchoraji, awe ni nani, alimpa mapumziko ambayo maisha hayajampa.

Trekta likifika Kaniha kwa bei ambayo mkulima mdogo anaiweza, sitaandika makala ya kuomboleza. Warongo walikwisha kutuonyesha kwamba kitu kinaweza kutoka mikononi mwa watu kikabaki katika kumbukumbu zao. Ila kwa sasa bado halijatoka. Mvua za kwanza za vuli zinaponusa hewani, jembe linateremshwa kutoka ukingoni mwa paa. Linachunguzwa. Lililolika hadi kubaki kama kijiko hupewa mtoto, aanze kujifunza kupalilia maharage. Lililolegea hupigwa kabari. Lililopasuka hupelekwa kwa mhunzi, ambaye bado yupo katika vijiji vingi, akiwa na mvukuto wake wa ngozi au wa mpira wa gari, naye atataka alipwe kabla, kwa sababu baada ya mavuno watu hupotea.

Mtoto wako, ndugu msomaji, bado amesimama hapo mbele yako, nawe kiganja chako kingali juu ya karatasi. Mwondolee sasa aone. Na kama bibi yake amekuja mjini kuwatembelea, mwache bibi amweleze yeye mwenyewe ni upande gani wa jembe huchakaa kwanza.